Ile Sahani Maman Nsimire Hakuonja

Hapana. Usinifungie kinywa na hiyo maneno ya "kila mutu anajua." Kila mutu njo nani? Weye ulikuwa wapi? Mi nilikuwa mule mu chumba. Nilikuwa nalala kitanda moja na Koko, mugongo yangu ku mugongo yake, na harufu ya kile kidonda ilikuwa inaingia mu nywele yangu mpaka ku masomo batoto balikuwa banasogea mbali ku banc ya kukalia. Sasa weye unakaa pale misa imeisha, unasema utapanda Nyantende kuzika Maman Nsimire lakini kule hautatia kitu mu kinywa, unacheka kidogo, na bengine banacheka na weye, kiisha munashangaa juu nilipandisha sauti mbele ya kanisa. Niko na kichwa ya moto, najua, hata mama yangu ananiambiaka. Lakini juu ya ule mama sitanyamaza, hata kama ni mbele ya padri.

Mutu mwenye hakukulia ku avenue yetu, nimuelezee kwanza. Sisi tulikuwa ku Kadutu, ile fasi nyumba zinapandana ku mulima, mulango ya mutu inaangalia mabati ya mwengine. Nyumba yetu na ya Maman Nsimire zilikuwa zinaangaliana. Katikati ilikuwa rigole, ile mufereji ya maji ya mvua, na juu ya rigole ubao moja. Koko, mama ya papa yangu, na ule Maman Nsimire balikuwa banauzisha maharage pamoja ku soko tangu papa yangu akiwa mutoto. Asubui huyu anavuka na kaa la moto, mangaribi ule anavuka na chumvi. Ubao ilikuwa imelainika katikati juu ya miguu yabo. Nsimire, binti yake, tuliambiwa iko dada yetu, na mi nilichelewa sana kujua kama hatukutoka nyumba moja.

Juzi njo Nsimire alinipigia telefone. Mama yake alikaa ku kiti asubui, aangalie batu banaenda shambani, na hakusimama tena. Tangu ile telefone, pua yangu imejaa harufu ya sucré nyekundu, ile soda ya grenadine. Utaniuliza grenadine na kifo ya mama muzee bifanane wapi. Ngoja.

Koko alipasuliwa hernie, ile ngiri ya tumbo. Lopitali sitataja, haina kazi hapa. Alirudia ku nyumba anatembea mwenyewe, anashika tumbo sawa mutu amefichamo yai chini ya kitenge. Balitoa nyuzi, tukafurahi, maman akapika muchele. Kiisha kidonda ikaanza kufunguka yenyewe. Haikupasuka mara moja, hapana. Ilifunguka pole pole, siku kwa siku, sawa kinywa ya mutu anataka kusema kitu na haamini kama ni saa yake.

Na mi, na akili yangu ya kitoto, nilizani iko kinywa kweli. Musicheke. Ilikuwa na midomo, nyekundu, na ilikuwa na mate. Kila asubui bakifungua pansement, ile kitambaa ya kufunga kidonda, batu bakubwa banageuza uso, mi nachungulia chini ya mukono ya maman nione kama leo itasema. Nilikuwa nangoja. Nilijisemea ikisema, itasema mwenyewe inataka nini, na tutaipa, na itajifunga. Ile kidonda haikusema kitu. Batu njo balisema mu fasi yake.

Mwanzoni, mutu alikuwa anamuhangaikia Koko kushinda bote ni Maman Nsimire. Alikuwa anavuka ubao na beseni ya maji ya moto, anamuosha mugongo, anamusuka, anamutukana kidogo ili acheke. Alikuwa anamuambia hernie ilitoka juu ya kubeba mifuko ya maharage na kiburi pamoja. Koko anacheka anashika tumbo, anamuomba amuhurumie. Saa ya kula analeta sahani: bugali, mboga ya lengalenga, sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, zimekaushwa vizuri. Na mbele ya kumupa Koko, anakata kipande, anachovya, anatia mu kinywa, anameza. Kwetu njo heshima. Mutu akikupa chakula ao kinywaji, anaonja kwanza mbele ya macho yako. Hata mutoto anajua. Hakuna mutu anawaza tena juu ya nini, sawa vile unapiga hodi mbele ya kuingia.

Kiisha Tante Espé akakuya kutoka Luvungi, dada mukubwa ya papa, na mufuko ya muchele ku kichwa na macho yake ile inaona kila kitu. Usizani nitamusema mubaya. Mutu akimutukana Tante Espé mbele yangu tutapigana. Ye njo aliacha shamba yake na bwana yake juu ya mama yake. Ye njo alikuwa anafua bitambaa ya pansement mpaka mikono inatoka ngozi. Mi nikiwa na kinyaa, ye hakukuwa nayo. Alimupenda Koko na mapendo ya mutu anasimama ku mulango na fimbo mu mukono. Lakini mutu akisimama vile, iko anatafuta adui, na mutu anatafuta adui atamuona tu.

Ile siku ninayosema, ilikuwa mu Kwaresima, majivu ilikuwa imeshapita ku mapaji ya batu. Maman Nsimire alivuka ubao na sahani, akaiweka ku kiti kidogo pembeni ya kitanda. Koko akangoja, sawa kila siku. Mi niko chini nafanya devoir ya masomo. Tante Espé amesimama ku mulango, amebeba mikono ku kifua. Maman Nsimire akanyoosha sahani, akaifunua, akakaa na mikono ku magoti. Hakuonja. Akasema tu: "Kula, dada, ikingali moto."

Mi niliona kama hakuonja. Niliona sawa unaona mutu ameingia kanisa bila kujifanya alama ya musalaba. Nikawaza labda amesahau. Tante Espé hakuwaza vile. Akakuya pole pole, na sauti tamu kabisa, akasema mama ametoka kula sasa hivi, tutamuwekea ya baadaye, asante sana, akabeba sahani. Koko alifungua kinywa kusema hajakula, akaona uso ya binti yake, akafunga kinywa. Maman Nsimire akaaga, akavuka.

Ile chakula Tante aliimwanga nyuma ya nyumba. Mbwa ya jirani ikaikula yote na ikalamba majani. Haikukufa. Ilikufa siku nyingi kiisha pale, iligongwa na motari, mutu wa pikipiki. Lakini hiyo ya mbwa, weye na "kila mutu anajua" yako, hauikumbukake.

Kesho yake kidonda ikanuka zaidi. Na mu nyumba maneno ikaanza kutembea chini ya sauti. Balikuwa banasema kidonda ya operation haikawie vile, kuko kitu. Balikuwa banasema karuho, ile sumu banasema mutu anaifichaka chini ya lukucha anaitia mu chakula, na unaoza pole pole kutoka ndani. Balihesabu nani anaingiaka, nani anapikiaka Koko. Papa alisema bamama banaogopa bure. Lakini alisema na sauti ya mutu mwenyewe anaanza kuogopa. Na hata moja kati yabo, nasema hata moja, hakuvuka ubao kuuliza: ile siku, juu ya nini haukuonja? Maneno tatu ao ine tu. Hakuna mutu aliyasema.

Badala yake Tante Espé akatoa ubao. Alisema imeoza, mutoto ataanguka. Haikuoza. Mi nilikuwa narukia juu yake kila siku.

Njo pale sucré ikaingia. Tante akaweka sheria: hakuna kitu ya jikoni ya mutu itaingia mu kinywa ya Koko. Kitu imefungwa tu. Na munajua kwetu, mutu mwenye kuogopa anaogopaka ginsi gani: chupa ifunguliwe mbele yako, usikie ile sauti yake, njo unywe. Tante alikuwa anafanya vile. Analeta chupa, anaionyesha Koko kifuniko, anafungua, ile psss inatoka, na mu chumba yote batu banapumua. Ile psss ilikuwa sawa amina. Habari ikatembea, na avenue yote bakasikia kama bakikuya kusalimia Koko, balete kitu imefungwa. Bakaleta. Grenadine, orange, citron, biskuti mu karatasi yake, maziwa ya unga ya mu boîte. Sukari ya chai Tante alikuwa anatia mwenyewe, kijiko juu ya kijiko, apate nguvu. Ya kupika, Tante alimupa uji tu, na sukari mingi. Maharage na samaki alikatalia, alisikia ku avenue kama inaozesha kidonda.

Mi niliona utajiri. Nani ku avenue yetu alikuwa na chupa mingi vile chini ya kitanda? Nilizani hiyo njo mapendo, na mapendo inaonekana, inapangwa ku mustari. Nilikuwa nakusanya bifuniko, nazipigilia mu udongo ya mbele ya nyumba na jiwe, moja pembeni ya ingine, nafanya njia. Nilianzia ku rigole. Nilijisemea njia ikifika ku mulango, Koko atapona na atatembea juu yake. Batu bakiingia na chupa, nilikuwa naruka na furaha. Siku batu balileta maua ao sala tu, niliwaona bachoyo.

Na Maman Nsimire, alikuwa mukubwa ya bachoyo. Hakuna mutu aliniambia kama balimukatalia. Mi niliona tu hakuyi tena. Kila siku anakaa ku mulango yake, ng'ambo ya rigole, anachambua maharage, anaangalia kwetu, na hakuyi. Nikasema amechoka na Koko. Amesikia harufu, amekimbia. Na Koko kila asubui anauliza ule dada yangu iko wapi, na batu banamujibu yuko na kazi mingi ku soko. Nilianza kumuchukia na roho yote ya mutoto, na munajua mi nikichukia.

Nilimukuta ku bomba ya maji. Batu bengi, mabidon ku mustari, na mi nikamusimamia mbele sawa polisi. Nikamuuliza juu ya nini ameacha Koko. Nikamuambia Koko anamuita. Nikamuambia hata batu hatujue majina yabo banaleta sucré na ye hakuna hata kitu. Bamama ku bomba bakanyamaza wote. Sasa nikikumbuka, njo naelewa balinyamaza juu ya nini. Ile siku nilizani niko nasema vizuri.

Maman Nsimire aliweka bidon chini. Alikuwa na mikono kavu, kucha fupi, imeliwa na maharage na majivu. Akasema nimuambie Koko kama ye iko hapa, kama hajaenda popote.

"Basi unipe sahani, mi nitapeleka."

"Hapana, mwana wani, mutoto yangu. Mikono yako isibebe kitu yangu."

"Juu ya nini?"

"Kitu ikimufikia Koko, batasema ni weye."

Sikuelewa. Nilizani ni maneno ya mutu muchoyo anatafuta njia ya kukimbia. Nikarudia ku nyumba, nikapigilia bifuniko na hasira mpaka jiwe ikanipiga kidole.

Koko alikuwa anashuka. Alikonda mabega, uso inabaki macho tu. Na kiu. Alikuwa anakunywa sawa udongo ya jua kali inakunywa mvua, na kila akikunywa anaomba tena, na Tante, na mapendo yake yote, psss. Usiku na muchana anaomba kikopo ya kukojolea. Kumwanga ile kikopo ilikuwa kazi yangu. Asubui moja nikakuta sisimizi. Zilikuwa zimetoka chini ya mulango, mustari mweusi murefu, zinapanda ku kikopo, zinazunguka ku mudomo yake sawa batu ku kisima. Nikaita Tante. Aliangalia, akashika kichwa. Akaita papa, akaita maman. Kwabo ile ilikuwa kumaliza maneno yote: sisimizi zinafuata mutu angali muzima, nani amezituma?  Nilizani zimekuya kumubeba Koko kidogo kidogo, kila moja na kipande yake.

Tante akasema lopitali imeshindwa, apelekwe upande wa Walungu kwa mutu moja anatapishaka batu karuho. Papa akasema kwanza bapite ku lopitali babadilishe pansement, njia ni murefu na harufu itasumbua batu mu gari. Balibishana mpaka maman akalia. Juu ya harufu ile njo Koko aliishi tena miaka mingi. Kama kidonda haikunuka, balikuwa banaenda moja kwa moja Walungu, na mi leo ningekuwa nawaambia hadisi ingine.

Mi nilikwenda nabo juu Koko alikuwa ananishika ku mukono na hakutaka kuniachilia. Ku chumba ya pansement balitupatia munganga ingine, mama kijana, haikukuwa ule wa kwanza. Hakuanza na tumbo. Aliangalia ulimi ya Koko kwanza. Akauliza tangu lini iko na kiu vile, na anakojoa ginsi gani. Mi, kinywa yangu haijuagi kungoja, nikasema habari ya sisimizi. Tante akanifinya. Munganga akasimama, akaleta kamashini kadogo, akamuchoma Koko kidole, akaangalia, akarudilia ku kidole ingine. Kiisha akauliza mama anakula nini.

Tante Espé akajinyoosha. Alijibu sawa mutoto anajua somo. Akasema, munganga, tunamuchunga sana, hakuna kitu ya mutu inamuingia, anakunywa tu kitu imefungwa ku chupa, tunaifungua mbele yake.

Munganga akaweka kamashini chini. Hakumutukana, hakupandisha sauti. Akashika mukono ya Tante.

"Maman, hii kidonda muko munainywesha sukari."

Akaeleza. Bugonjwa ya sukari, ilikuwa mu mwili yake labda tangu zamani, kama balimupimaka mbele ya kumupasua, mi sijue. Nyama ya mutu mwenye sukari mingi haishikane vizuri, na uchafu ya kidonda inapenda utamu kama sisi sote. Hizi zingine nilijisomea mwenyewe nikiwa mukubwa, ku telefone, maneno kwa maneno, juu nilitaka kuelewa hakuna mutu aniambie tena "kuko kitu." Ile siku nilisikia kitu moja tu. Munganga alikuwa anataja chakula ya kumujenga nyama: maharage, mayai, mboga ya majani mingi, samaki kidogo za ziwa, bugali kidogo. Sambaza na lengalenga. Nilikuwa mutoto, lakini ile sahani nilikuwa naijua. Niliionaka inavuka ubao kila siku.

Njiani Tante Espé alilia, ameshika Koko ku kiuno, analia bila kujifuta. Ku nyumba alibeba chupa zote akazimwanga mu rigole, na rigole ikashuka nyekundu mbele ya mulango ya batu. Nyuki zikakuya. Mi nilichukua kisu ya jikoni nikang'oa njia yangu yote, kifuniko moja moja. Zilikuwa zimebakia kidogo kufika ku mulango. Mashimo ilibakia mu udongo, mviringo mviringo, mpaka mvua ikazifunga.

Mungezani pale maneno iliisha. Mi pia nilizani. Lakini munajua ilienda ginsi gani? Haikupita wiki, bamama ku bomba bakaanza kusema sukari nayo inatumwaka. Kama karuho haikumupata, basi alimutupia sukari. Unaona vile? Balishaandaa kiti ya mukosaji, na habakutaka ibaki bure. Na Tante, na haya yake, hakukubali na hakukatala. Ubao haikurudia.

Kidonda ikaanza kupona, na hiyo nayo ilikuwa kazi ya mateso. Sindano, pansement kila siku, maji ya permanganate, ile dawa ya violet ya kuosha kidonda, ilitupaka bote vidole. Ilikuwa inajifunga kutoka chini, sawa kisima inajaa udongo, halafu siku moja inarudi nyuma tunalia tena. Mvua ilianza, ikaisha. Koko hakusema maneno mingi. Aliacha kuuliza ule dada yangu iko wapi. Nikajua hapo kama amejua, na sijue nani alimuambia, labda ile fasi ya ubao ilimuambia.

Siku kidonda ilibakia kidogo sana, Koko alivaa kitenge yake ya misa. Akasema: "Espé, nipe banc."

Tante akauliza banc ya nini. Koko akainama ku banc. Akaniambia mi nishike upande moja, ye anashika ingine, na tumbo yake ile. Tante akakimbia kumusaidia bila kujua anasaidia nini. Tulitoa ile banc ya sebule, ya mbao, ile bageni banakaliaka, Koko akasema tuilaze juu ya rigole. Akavuka. Pole pole, fimbo mu mukono, avenue yote imesimama. Mama moja aliacha nguo ku kamba na maji inamutoka ku viwiko.

Maman Nsimire alikuwa anachambua maharage ku mulango yake. Hakusimama. 

"Umepika?" Koko akamuuliza, sawa walikuwa pamoja jana.

"Nimepika."

"Niletee."

Akaleta. Sahani ilikuwa mu mikono yake mbili, maharage na mboga. Akaiweka ku magoti ya Koko, akakata kipande ya bugali, akapeleka ku kinywa yake mwenyewe, mbele ya batu bote, aonje. Koko akamushika mukono.

"Kwanza uniambie. Ile siku juu ya nini haukuonja?"

Maman Nsimire aliangalia chini. Aliniangalia mi, aliangalia Tante Espé ng'ambo ya rigole. Alisema pole pole, lakini avenue ilikuwa imenyamaza mpaka ilisikika.

"Nilikuwa nafunga kula, dada. Kwaresima yote, mpaka jua izame. Juu ya tumbo yako."

"Na haukusema."

"Nani aliniuliza? Na mutu anayefunga kula, anatangaza ku soko?"

Koko hakulia. Mi njo nililia, sikujua hata juu ya nini, nilikuwa nasikia tu kitu kubwa imevunjika na hakuna mutu ataiokota. Koko alitoa kile kipande mu vidole ya rafiki yake, akakitia mu kinywa yake mwenyewe.

"Usionje," akasema. "Tangu leo usionje tena kitu yangu."

Akakula. Alikula yote, na sauti, sawa mutu anataka mabati yote zisikie. Ng'ambo, Tante Espé alikaa chini ku mulango yetu, akafunika uso na kitenge, na hakuna mutu alivuka kumutuliza, hata mi.

Sasa ningependa kukuambia avenue ilipona kama tumbo ya Koko. Haikupona. Tumbo ilibakia na kovu nzuri, ngumu, mi nilikuwa napitisha kidole juu yake Koko akilala muchana. Lakini miaka mingi kiisha pale, Koko akikufa na bugonjwa ya kifua, muzee, sukari imechungwa, mu kitanda yake, na mukono mu mukono ya ule dada yake, mulisema nini? Mulisema: munaona, alimumaliza. Matanga ikiisha, mawe ikaanza kuanguka ku mabati ya Maman Nsimire. Hakuna mutu alirusha, sivyo? Zilianguka tu zenyewe, toka mbinguni. Akafunga mulango, akarudi Nyantende ku shamba ya bwana yake marehemu, na Nsimire nyuma yake na godoro ku kichwa. Tante Espé njo alimubebea mbabula, jiko yake ya makaa, mpaka ku gari.  Balisalimiana na mikono mbili.

Kesho tunamuzika. Nsimire aliniambia batapika maharage na bugali juu ya batu bote batapanda, na kama maneno ile ilibafikia mpaka kule, ye mwenyewe atapita ku kila sahani aonje mbele ya kila mutu. Nilimuambia yangu asionje.

Na weye? Utafika umechoka, mulima imekuvunja miguu, Nsimire atakuletea sahani na macho yake imevimba juu ya mama yake. Utakula, ao hautakula?